Timu zikiacha kushindana, kipenga cha refa kinaishia wapi?

MBARARA, Uganda. Kila aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa vumbi anaijua hali hii. Zimebaki dakika kumi na matokeo ni 1-1. Sare inazivusha timu zote mbili zilizo uwanjani na kuitupa nje timu ya tatu, iliyomaliza mechi zake jana. Ghafla mbio zinakwisha. Beki anampasia beki mwenzake, kipa anaurudisha mpira kwa beki, na washambuliaji wa upande wa pili wanasimama katikati ya uwanja mikono kiunoni. Watazamaji wanaanza kuzomea. Macho yote yanamgeukia mtu mmoja mwenye kipenga.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, swali la mtu huyo afanye nini si la michezo peke yake. Makazi hayo yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana zaidi ya watu 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, wakiwa majirani wa wenyeji wa Ankole. Wengi wao huelewana kwa Kiswahili sokoni na uwanjani. Mahali palipo na mataifa mengi hivyo, timu ya mtaani huonekana kama timu ya taifa au ya kijiji fulani, hata kama jina lake halisemi hivyo. Sare inayonuka mpango kati ya timu mbili haibaki uwanjani. Asubuhi yake imeshafika kwenye vibanda vya mahindi na maharage, pale ambapo mnunuzi kutoka Mbarara anamwachia muuzaji fedha za mzigo wa wiki ijayo kwa kuaminiana tu.

Jibu la swali hilo huwaudhi wengi. Refa hawezi kuilazimisha timu itake kushinda, na si busara kumpa uwezo huo. Kazi yake ni kulinda saa, kulinda usalama na kuandika ripoti ya kweli. Anayeweza kuzuia mchezo wa kupasiana ni yule aliyepanga ratiba na kanuni kabla mpira haujawekwa kati.

Sheria inasema nini

Sheria ya 5 ya soka inampa refa mamlaka kamili ya kusimamia mechi. Anaweza kuisimamisha, kuiahirisha kwa muda au kuivunja kwa sababu ya makosa au ya kuingiliwa kutoka nje, kama vile mashabiki kuvamia uwanja. Uamuzi wake kuhusu yaliyotokea mchezoni, likiwamo bao na matokeo, ni wa mwisho.

Lakini mamlaka hayo yana mpaka, na mpaka wenyewe umo katika Sheria ya 7. Mechi ni vipindi viwili vya dakika 45. Kipindi kinaweza kufupishwa endapo tu refa na timu zote mbili wamekubaliana kabla ya mechi kuanza na kanuni za mashindano zinaruhusu. Dakika za nyongeza zikishatangazwa, refa anaweza kuziongeza lakini hawezi kuzipunguza. Kwa hiyo refa anayemaliza mpira dakika ya 83 kwa sababu timu zimeacha kucheza hatumii busara yake. Anavunja sheria.

Upande wa pili nao ni mgumu. Watazamaji hudhani kwamba refa anaweza kuziadhibu timu kwa kuongeza dakika, kama anavyofanya kipa anapochelewesha mpira. Hapana. Dakika huongezwa kufidia muda uliopotea: majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, kadi, mpira kucheleweshwa kurudi mchezoni. Mabeki wanapopasiana, mpira uko mchezoni. Kwa hesabu ya saa hakuna hata sekunde moja iliyopotea, ingawa kila mtu uwanjani anajua mechi imeshakufa.

Kilichobaki ni Sheria ya 12, inayoruhusu kadi ya njano kwa mchezaji anayeonyesha kukosa heshima kwa mchezo. Maneno hayo ni mapana. Hata hivyo, refa akitaka kuyatumia hapa atajiuliza ampe nani kadi hiyo: beki aliyepiga pasi, au mshambuliaji aliyekataa kumfuata? Pasi ya nyuma kwa mguu si kosa, na kusimama si kosa pia.

Mzambia mmoja, mechi mbili

Mtu aliyekutana na pande zote mbili za tatizo hili ni refa wa Zambia, Janny Sikazwe.

Tarehe 28 Juni 2018, mjini Volgograd, Urusi, alichezesha mechi ya Kombe la Dunia kati ya Japani na Poland. Poland walikuwa wakiongoza 1-0 kwa bao la Jan Bednarek, na walikuwa wameshatolewa mashindanoni. Japani walikuwa nyuma, lakini habari zilifika kwamba katika mechi nyingine ya kundi hilo Colombia walikuwa wakiifunga Senegal 1-0. Japani na Senegal wakawa sawa kwa pointi, kwa mabao na kwa matokeo kati yao. Kilichowatenganisha ni kadi: Japani walikuwa na njano nne, Senegal sita. Katika dakika za mwisho Japani wakaamua kushindwa kwa utulivu. Wakapasiana nyuma, Poland wakawaacha, uwanja mzima ukazomea. Senegal wakawa timu ya kwanza kutolewa Kombe la Dunia kwa hesabu ya kadi.

Sikazwe hakufanya lolote zaidi ya kuangalia saa. Wengi walimlaumu, lakini kisheria alikuwa sahihi, kwa kuwa hakukuwa na kosa la kupulizia kipenga.

Miaka mitatu na nusu baadaye, tarehe 12 Januari 2022, alikuwa Limbe, Cameroon, katika Fainali za Mataifa ya Afrika. Mali walikuwa wakiongoza Tunisia 1-0. Sikazwe akapuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85. Akakumbushwa, mpira ukaendelea, kisha akaumaliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90, bila nyongeza yoyote. Benchi la Tunisia likamzunguka. Baadaye wasimamizi wakaamua dakika zilizobaki zichezwe. Mali wakarudi uwanjani, Tunisia hawakurudi, na ushindi ukabaki wa Mali. Rufaa ya Tunisia ilikataliwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Ilielezwa kwamba refa alikuwa amezidiwa na joto.

Mechi hizo mbili zinaonyesha mambo mawili. Volgograd, refa alifuata sheria na haki ikaonekana kupotea. Limbe, refa alikata muda na hakuna aliyemtetea kwa kusema mechi ilikuwa imekwisha kimatokeo. Anayemtaka refa wa Nakivale amalize mapema mechi iliyokufa anamtaka afanye lile la Limbe kwa makusudi.

Anayeumia hayuko uwanjani

Mfano mkubwa zaidi wa Afrika ni wa zamani. Katika Kombe la Dunia la 1982 huko Hispania, Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, kisha wakamaliza mechi zao tarehe 24 Juni kwa kuifunga Chile 3-2. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi wa Wajerumani kwa bao moja au mawili ungewavusha wote wawili. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10. Baada ya hapo mpira ulipoa hadi kipenga cha mwisho. Refa Bob Valentine kutoka Scotland hakuwa na sheria ya kuwashika. Algeria wakarudi nyumbani.

Mfanyabiashara anaelewa jambo hili haraka kuliko mwanasheria. Wanunuzi wawili wakubwa wanaweza kukubaliana bei ya maharage chini kwa chini wakati mwenye mzigo bado yuko njiani. Mizani haikuchezewa, na kila kilo ilipimwa sawasawa. Aliyeumia ni yule ambaye hakuwapo walipoelewana. Mshika mizani hawezi kumsaidia. Anayeweza ni mwenye soko, kwa kuweka utaratibu ambao wote wanafika kwa wakati mmoja.

Ndivyo soka lilivyofanya. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja. Uamuzi huo uligusa ratiba, wala refa hakuongezewa mamlaka yoyote.

Mpira kwapani na magoli ya bure

Si kila timu inayoacha kushindana inafanya hivyo kwa maelewano. Zipo zinazotia mpira kwapani. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mei 31, 2019, mjini Radès, Tunisia, Wydad Casablanca walikataa kuendelea baada ya bao lao la kusawazisha dhidi ya Espérance kukataliwa na mitambo ya video kutofanya kazi. Refa Bakary Gassama wa Gambia alisubiri kwa muda mrefu, kisha akaumaliza mchezo. CAF iliamua kwanza mechi irudiwe, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu, na mwishowe kombe likabaki kwa Espérance. Hapa refa alikuwa na la kufanya: kusubiri, kuvunja mchezo, kuripoti. Kesi iliyofuata ilihusu waandaaji.

Wengine huendelea kucheza kwa namna ya kugoma. Oktoba 31, 2002, nchini Madagascar, mabingwa watetezi SO l'Emyrne walijifunga wenyewe bao baada ya bao dhidi ya AS Adema, kupinga uamuzi wa refa katika mechi yao iliyotangulia. Mechi iliisha 149-0. Kila bao lilikuwa halali. Adhabu zilitoka baadaye, kwenye shirikisho.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Tanzania. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Geita Gold wakaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilichunguza, likazitia klabu hizo nne hatiani kwa kupanga matokeo na kuzishusha daraja. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, na adhabu iligusa pia waamuzi na makamisaa.

Kisa hicho kina somo jingine. Mechi zote mbili zilichezwa siku moja, na bado haikusaidia. Ratiba sawa huzuia timu kujua matokeo ya wengine, lakini haizuii timu isiyo na cha kupoteza kuwapa wenzake magoli. Hapo ndipo ripoti ya refa na kamisaa inapokuwa na thamani kuliko kipenga: nani aliacha kukaba, dakika ya ngapi, kipa alifanya nini, benchi lilisema nini.

Kwa nini refa asipewe rungu

Wapo wanaosema soka lijifunze kwa michezo mingine. Katika mpira wa mikono, waamuzi wakiona timu haina nia ya kushambulia huinua mkono, na baada ya pasi chache timu hiyo hupoteza mpira. Katika mpira wa kikapu kuna saa ya sekunde 24. Kwenye Olimpiki ya London 2012, jozi nne za wanawake wa badminton, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, ziliondolewa mashindanoni kwa kucheza ili zishindwe.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inahitaji kuangaliwa vizuri. Kikapu hupima sekunde, wala hakipimi nia. Soka nalo linapobadilika hufuata njia hiyo. Kuanzia Julai 2025, kipa anayeshika mpira kwa zaidi ya sekunde nane anaiadhibu timu yake kwa kona. Refa anahesabu, haulizi kipa anawaza nini.

Kumpa refa mamlaka ya kuamua kwamba timu haitaki kushinda ni kumfanya hakimu wa mioyo. Kwenye uwanja wenye kamera ishirini ni vigumu. Nakivale, refa ni jirani wa wachezaji, pengine ni mtu wa taifa moja na timu mojawapo, na kesho atapanga foleni ya maji na mashabiki waliomzomea. Akisema Warundi wameuza mechi au Wakongomani wamelegea, hatakuwa ameokoa mashindano. Atakuwa ametoa hukumu juu ya jamii nzima bila ushahidi, na mtu wa kwanza kuumia atakuwa yeye.

Kuna hali moja ambayo refa wa makazi anaweza, na anapaswa, kumaliza mechi kabla ya wakati: usalama unapopotea. Mawe yakirushwa, mashabiki wakiingia uwanjani au giza likizidi, Sheria ya 5 inamlinda. Ila aandike sababu hiyo hiyo. Kuvunja mechi kwa sababu ya hatari na kuivunja kwa sababu imechosha ni mambo mawili tofauti, na refa anayeyachanganya anajipotezea ulinzi wa sheria siku atakapouhitaji.

Kazi ya mwandaaji

Kinga nyingi hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni mechi za mwisho za kundi kuanza saa moja. Hilo linahitaji viwanja viwili na marefa wa kutosha, na panapokosekana, makundi yenyewe yafupishwe au mtoano uanze mapema, kwa kuwa katika mtoano hakuna sare inayowafaa wote.

Ya pili ni kuepuka makundi ya timu tatu. Katika kundi la namna hiyo, siku zote timu moja inakuwa imekaa pembeni wakati mbili za mwisho zinacheza. FIFA yenyewe ilikuwa imepanga makundi 16 ya timu tatu kwa Kombe la Dunia la 2026. Machi 2023, katika kikao cha Baraza lake mjini Kigali, iliuacha mpango huo na kurudi kwenye makundi ya timu nne, ikitaja hatari ya timu kuelewana.

Ya tatu ni kuiondoa sare tamu. Kanuni inaweza kusema kila sare ifuatwe na penalti na mshindi apate pointi ya ziada. Ya nne ni kutanguliza matokeo ya timu zenyewe kwa zenyewe kabla ya tofauti ya mabao, ili ushindi wa 8-0 siku ya mwisho usiwe na bei kubwa sokoni. Ya tano ni saa ya kuanza. Mbarara na Isingiro jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Mechi inayoanza saa kumi na moja kwenye uwanja usio na taa imeshampa refa kisingizio cha kukata muda. Kama dakika 90 haziwezekani, kanuni iseme mapema kwamba kila kipindi ni dakika 35, na timu zote ziafiki kabla ya kipenga cha kwanza. Sheria inaruhusu kukubaliana kabla. Hairuhusu kukata katikati.

Wafanyabiashara wana sauti hapa. Mara nyingi ndio wanaotoa jezi, mipira, usafiri na mbuzi wa zawadi. Anayechangia ana haki ya kuuliza kanuni za mashindano ziko wapi, na ripoti za refa humfikia nani.

Hesabu ya 2027

Swali hili litafika viwanja vikubwa hivi karibuni. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Mfumo wa timu 24 una makundi sita, na timu nne zilizoshika nafasi ya tatu kwa matokeo bora huungana na zile mbili za juu za kila kundi. Makundi hayamalizi siku moja. Timu za kundi la mwisho huingia uwanjani zikijua ni pointi ngapi zinatosha, jambo ambalo kundi la kwanza halikulijua. Hata mechi mbili za kundi zikianza saa moja, mwanya huo unabaki.

Aliyenunua tiketi, aliyekodi basi kutoka Mutukula na aliyejaza duka jezi za robo fainali, wote wameweka fedha yao kwenye imani kwamba timu zitacheza hadi mwisho. Agosti 2025, katika CHAN, imani hiyo ililipwa uwanjani Namboole. Uganda walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Afrika Kusini zikiwa zimebaki dakika chache. Walipata penalti mbili, wakasawazisha 3-3 na kuongoza kundi. Afrika Kusini wakatolewa, na Algeria waliotoka sare na Niger usiku huohuo wakapita.

Algeria, walioachwa nje na mpira uliopoa wa Gijón mwaka 1982, safari hii walivushwa na timu iliyokataa kuacha kukimbia. Refa wa Namboole alipuliza palipokuwa na kosa na kuiacha saa iende hadi mwisho. Refa wa Nakivale hana zaidi ya hayo ya kufanya. Yaliyobaki yanamsubiri mwandaaji, kalamu mkononi, wiki kadhaa kabla ya mechi ya kwanza.